Tumbo la Binti na Mboga ya Mama Mkwe

Binti yetu alikuwa na tumbo lenye kelele. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana sijui njia nyingine ya kulisema. Akishakula, tumbo lilivimba na kukaza kama mpira, kisha hewa ikaanza kutafuta njia, na ikiipata haikuwa na adabu hata kidogo. Ilitoka mezani, ikatoka dukani kwangu mbele ya wateja, ikatoka kanisani watu wamefumba macho wakiomba. Mwanzoni tulicheka, na yeye alicheka kutushinda sote. Alikuwa akiinua kidole na kutangaza, "Si mimi, ni tumbo," kisha anaendelea na mchezo wake.

Kicheko kiliisha alipoingia gredi ya kwanza. Wenzake darasani walimpa jina ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa mpaka leo linanipandisha mori. Jioni moja alirudi nyumbani akakataa chakula. Nilipomuuliza kama anaumwa, akasema haumwi, ila akila usiku tumbo litaongea kesho darasani, kwa hiyo afadhali alale na njaa. Mtoto wa miaka sita! Mimi hasira zangu ziko karibu. Mke wangu hunitania kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi. Siku hiyo nilitaka kwenda kugombana na shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa lango. Mke wangu, ambaye naye ni mwalimu katika shule nyingine, aliniuliza nitawashika vipi midomo watoto wadogo wasicheke. Basi nikakaa chini.

Tukaanza kazi ya tumbo. Maharagwe tuliyaloweka usiku kucha na yale maji tukayamwaga. Soda tukaipiga marufuku. Tulimfundisha kutafuna polepole, jambo lililokuwa gumu kwa sababu amerithi ulaji wangu, na mimi hula mithili ya mtu anayekimbizwa. Baada ya chakula nilimlaza kwenye mkeka, nikapasha mikono yangu joto kwa kuisugua, nikamkanda tumbo kwa mzunguko, kisha nikamkunja magoti hadi kifuani. Tuliita mchezo huo gari la mizigo. Gari lilianzia Kehancha, kwetu nilikozaliwa, na safari yake ilikuwa ndefu.

"Limefika wapi?" nilikuwa nikimuuliza.

"Limepita Migori. Sasa liko Awendo."

"Dereva anasemaje?"

"Anasema barabara ni mbaya, Baba. Kanda hapa upande huu."

Likifika Rongo lilikuwa linapiga honi, na sote tunajua honi hiyo ilitoka wapi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nilikuwa nacheka naye, lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi. Kuna siku gari lilikwama njiani na mtoto akajikunja akilia, mikono yake imeshika tumbo, nami sina la kufanya ila kuendelea kukanda.

Mwishowe tulimpeleka kliniki hapa mjini Migori. Daktari alimpapasa tumbo, akampima uzito, akatuuliza anakula nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Mke wangu alimweleza kila kitu, na kila alipotaja maziwa daktari alitikisa kichwa. Chai ya maziwa asubuhi, uji wa maziwa saa nne, kikombe cha maziwa kabla ya kulala. Akatuambia matumbo ya watoto wengine hayayawezi maziwa, kwamba si ugonjwa wa kutisha, na tujaribu kumwachisha kwa muda tuone.

Tuliacha nyumba nzima, kwa sababu huwezi kunywa chai ya maziwa mbele ya mtoto uliyemnyima. Tukawa watu wa chai ya rangi. Wageni walitutazama kwa huruma wakadhani biashara imeanguka. Lakini tumbo la binti lililegea. Kelele zilipungua, zikabaki zile za kawaida ambazo kila mwenye tumbo anazo, na jina lile la shuleni likakosa kazi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia kila aliyeingia dukani kununua misumari kwamba binti yangu amepona, hata wale ambao hawakujua kama aliugua.

Kisha likizo ikafika.

Hapa lazima nieleze mambo ya familia yetu. Mke wangu alikuwa akisomea digrii yake kwenye chuo kikuu pale Rongo, na masomo ya walimu huwa wakati wa likizo, shule zikifungwa. Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mahali pa saruji, mabati na vyuma, si mahali pa mtoto kushinda. Kwa hiyo kila likizo binti alikwenda kwa bibi yake mzaa mama, upande wa Homa Bay, juu kidogo ya Rodi Kopany. Yeye humwita Dani, maana ndivyo Wajaluo wanavyomwita bibi, na kwake Dani alikuwa mtu wa kwanza duniani, mbele yangu mimi na mbele ya mama yake.

Na Dani naye alimpenda mjukuu huyo kwa namna ambayo ilinifanya nijione mgeni. Nilipooa nilimpelekea ng'ombe wa mahari, na mmojawapo, mtamba mwekundu, nilimchagua mwenyewe kule Ogwedhi kwenye soko la mifugo baada ya kubishana na wauzaji mpaka sauti ikanikauka. Binti alipozaliwa, mama mkwe alitangaza kwamba ng'ombe huyo mwekundu ni wa mjukuu wake. Hakuruhusu mtu mwingine amkamue. Maziwa yake yalikuwa ya mtoto, akiwepo au asipokuwepo, na asipokuwepo yaligandishwa yakimngoja.

Sasa fikiria kumwambia mwanamke huyo kwamba mtoto hanywi tena maziwa. Mke wangu ndiye aliyepiga simu. Nilimsikia akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Mwishoni akaniambia mama yake amekubali. Ameuliza ni mtoto gani huyo wa watu asiyekunywa maziwa, lakini amekubali, na mama yake akikubali jambo amekubali. Nilimwamini. Hakuna siku niliyowahi kusikia mama mkwe amesema hivi akafanya vile.

Binti alikuwa hajamaliza wiki ya pili mke wa shemeji yangu aliponipigia simu. Yeye anaishi kwenye boma hilohilo na mumewe, kaka wa mke wangu, na ndiye mtu wa kule ninayeweza kuzungumza naye bila kujipanga.

"Shemeji, kuja uangalie mtoto," akasema. "Tumbo imefura. Analia, halafu anashuta, halafu anaona aibu."

Nilifunga duka mchana. Njia nzima nilikuwa namshtaki mama mkwe wangu kichwani. Nilimshtaki, nikamtetea, nikamshtaki tena. Nilipofika Rodi Kopany nilikuwa nimeshamhukumu.

Lakini kumhukumu mama mkwe ni jambo moja, kumwambia ni jambo lingine. Mimi ni Mkuria. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni hivihivi. Kwa Wajaluo nako heshima ni ileile. Tangu nioe, mimi na mama yule tulisalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu ni cha kununulia samaki na yeye hajui Kikuria. Yeye aliniita "ora", yaani mkwe, mimi nikamwita Mama. Tukiisha kuulizana habari za mvua, mazungumzo yalikwisha. Nilimheshimu sana na alinitisha kidogo.

Nilikaribishwa nyumbani kwa shemeji, kama ilivyo desturi, na chakula kikaletwa huko. Nikauliza mtoto yuko wapi. Mke wa shemeji akaangalia chini. Akaniambia mtoto anakula ndani kwa Dani, mlango umefungwa. Kumbe mama mkwe, pamoja na kuwa mama wa kanisa, alikuwa ameshika jambo la zamani. Wapo wanaoamini kwamba kuna watu wenye jicho baya, na kwamba mtu wa aina hiyo akimtazama mtoto akila, chakula kinakwama na tumbo linafura. Kwa hiyo alikuwa akimlisha mjukuu wake peke yake, gizani, mbali na binamu zake. Na kwa kuwa tumbo lilizidi kufura, alimlisha kile ambacho watu wote wanajua kinasafisha tumbo, mboga za kienyeji. Osuga, akeyo, mboga chungu za majani, asubuhi na jioni.

Niliomba mtoto aletwe ale nami. Alikuja na sahani yake, akakaa kwenye mapaja yangu, tumbo limetangulia. Alinikumbatia. Binti yangu anayesema kuanzia anapofungua macho, siku hiyo alikuwa kimya, na ukimya huo uliniuma kuliko lile tumbo.

Nikamega ugali nikachovya kwenye mboga yake. Ilikuwa mboga tamu ajabu. Nimekula osuga kwa miaka na sijawahi kuipata laini namna ile, bila uchungu, imelainika mpaka inateleza.

"Hii Dani anaipika vipi?" nikamuuliza, kwa kutaka tu aongee.

"Anaweka kwa chungu, halafu anamwagia maziwa," akasema. "Ya ng'ombe yangu. Kesho anapasha, anamwaga ingine. Kesho kutwa anamwaga ingine. Mpaka uchungu iishe."

Niliweka tonge chini. Nikamgeukia mke wa shemeji.

"Shemeji, si Mama aliambiwa mtoto asipewe maziwa?"

"Hajampa," akajibu kwa mshangao wa kweli. "Hata chai anampa ya rangi. Hiyo si maziwa, shemeji. Hiyo ni mboga."

Nikatoka nje nikampigia mke wangu Rongo. Nilipomweleza nikasikia akijipiga kofi la paja. Hakuwa amefikiria kabisa. Nyumbani kwetu Migori tunakula sukumawiki na kabeji za haraka haraka, lakini kwao yeye na ndugu zake wote wamekula mboga za maziwa tangu walipoota meno, na hakuna anayeyahesabu yale kuwa maziwa, kama vile hakuna anayesema amekula mafuta ya kupikia. Hasira niliyokuja nayo kutoka Migori ilinitoka yote. Yule mama alikuwa ametimiza neno lake kwa uaminifu mtupu. Kila alipoona mtoto anaumia aliongeza dawa, na dawa ndiyo iliyokuwa inamuumiza.

Sasa nani amwambie? Mimi sikuweza. Kumwambia mama mkwe habari za gesi ya tumbo! Afadhali kuvuka barabara kuu ya Migori macho yamefumbwa. Mke wangu alikuwa na mtihani kesho yake. Basi nikafanya wafanyavyo watu wenye adabu, nikamtuma mke wa shemeji. Nilimweleza taratibu kwamba Mama asitie maziwa kwenye mboga ya mtoto, basi, hakuna lingine. Akaitika. Nami nikamchukua binti nikarudi naye Migori ili tumbo lipumzike, na jambo la kunishangaza ni kwamba mama mkwe hakutoka nje kutuaga. Mlango wake ulikuwa wazi na yeye alikuwa ndani.

Nilielewa baadaye. Mke wa shemeji naye ni mkaza mwana kwenye boma lile. Nani alimpa kifua cha kumfundisha mama wa mumewe jinsi ya kupika mboga? Kwa hiyo akaulainisha ujumbe. Alisema mboga ya Mama ni nzito kidogo kwa mtoto. Mama akauliza ni nani amesema. Akajibu ni baba ya mtoto. Na hapo, kwa heshima na upole mwingi, ujumbe wangu ukawa hivi: mkwe amekula chakula chako, ameweka tonge chini, amesema hakifai, amembeba mtoto wake akaondoka. Sijui tusi kubwa kuliko hilo ambalo mkwe anaweza kumtukana mama wa mke wake.

Wiki zikapita bila salamu. Likizo nyingine ilipokaribia, mke wangu alipiga simu kupanga safari ya binti. Mama yake alimjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mtoto asipelekwe. Akae na watu ambao chakula chao ni kizuri. Mke wangu akaanza kueleza habari za maziwa na mboga, na mama yake akamkata, akamwambia, "Hayo maneno ni ya bwanako, umetumwa." Mke wangu aliweka simu mezani akalia, kisha akanielekezea kidole.

"Mimi nikisema anaona umenituma. Wewe ndiye umeharibu, wewe nenda useme."

Nilijitetea sana. Sikuharibu, nilitii mila zao na zetu, ningefanya nini? Nilisema mengi na sauti yangu ilipanda. Tulikuwa hatujui kwamba binti amesimama mlangoni.

"Dani hanitaki?" akauliza.

Tukamwambia si hivyo, Dani anapumzika. Hakutuamini hata kidogo. Alitazama miguu yake, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kwa sababu nilishuta kanisani kwake?"

Kumbe ilitokea, siku za ile likizo, na hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa ameketi karibu na Dani, tumbo likaongea, watu wa mbele wakageuka. Na tangu siku ile alikuwa amejumlisha mwenyewe: Dani alimlisha peke yake mlango umefungwa, kisha hakutoka kumuaga, na sasa hamtaki aende. Mtoto alikuwa ameamini kwamba mtu anayempenda kuliko wote amemtupa kwa sababu ya hewa ya tumboni. Nilipomwona amesimama pale, mikono yake imefunika tumbo kama mtu anayeficha kitu alichoiba, mila zote za Ukuriani zilinitoka kichwani. Nilimwambia avae viatu.

Tulifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa nyumbani kwake na mlango umeegeshwa. Nilimwambia binti aende kwa mke wa shemeji, nikakaa kwenye benchi nje ya nyumba, chini ya bati, mgongo wangu ukiwa ukutani. Yeye alikuwa ndani upande wa pili wa ukuta huohuo. Nilisikia kigoda chake kikisogea, kwa hiyo alijua niko pale. Mke wa shemeji alikuja kusimama kati yetu, tayari kupokea maneno na kuyapeleka.

"Leo nitasema mwenyewe, shemeji," nikamwambia.

Alishika mdomo. Kisha akarudi jikoni kwake mbio.

Nilisalimia, nikajibiwa. Nikauliza habari za mvua. Nikajibiwa kwamba ilikuwa nzuri. Nikaeleza habari za bei ya mabati, ambayo hakuna aliyeiuliza.

"Mama," nikasema mwishowe, "mboga yako ni tamu. Sijawahi kula mboga tamu kama ile."

Ndani nilisikia akianza kukatakata majani ya mboga.

"Sikusema ni mbaya. Nilisema maziwa. Daktari alikataza maziwa, na yale ya kwenye mboga ni maziwa pia. Tumbo lake linayakataa hata yakipikwa. Hukukosea. Hata binti yako hakujua. Hakuna aliyejua mpaka mtoto aliponieleza unavyopika."

Kisu kiliendelea kukata majani. Nikaona nikinyamaza sitaweza kuanza tena.

"Na mtoto anafikiri umemkataa, Mama. Anafikiri ni kwa sababu anashuta."

Neno lilitoka. Nilikaa nikisubiri bati liniangukie. Kuku mmoja alipita mbele yangu, akanitazama, akaenda zake. Ndani kigoda kilisukumwa.

"Nani amemwambia hivyo?" sauti yake ikauliza. Haikuwa sauti ya kuulizana mvua.

"Hakuna mtu. Amejiambia mwenyewe."

"Mimi nikatae mtoto? Mimi?" Sauti ikakatika. Nilimsikia akilia polepole, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika, na mimi huku nje nilikuwa nikifuta macho kwa mkono wa shati kama mjinga. Baada ya muda akauliza, "Hata kidogo, ora? Hata kijiko moja, ya kutoa uchungu tu?"

"Hata kidogo, Mama."

"Na ile ng'ombe nimemchungia?"

"Ng'ombe ni wako. Nilikuletea wewe."

Akapenga kamasi. Kisha akaita jina la binti yangu kwa nguvu, mpaka kuku wote wakatawanyika. Binti alitoka jikoni mwa mke wa shemeji akitembea kwa hofu, akanipita pale kwenye benchi bila kunitazama, akasimama kizingitini. Sikugeuka kuangalia, adabu haikuniruhusu. Walizungumza Kijaluo, haraka, na nilielewa kidogo tu. Nilisikia Dani akiuliza na mtoto akijibu. Nilisikia neno "nyakwara", mjukuu wangu, likirudiwa na kurudiwa. Halafu mtoto akasema kitu na wote wawili wakaangua kicheko, kicheko kikubwa kilichojaa nyumba, na mlango uliokuwa umeegeshwa ukasukumwa ukafunguka wote.

Nilimwacha huko, nikarudi Migori kabla ya jioni. Njiani sikumshtaki mtu.

Siku zilizofuata mke wa shemeji ndiye aliyenipa habari. Dani anapika mboga ya mtoto kwenye sufuria yake peke yake. Anachemsha akeyo na kumwaga maji ya kwanza, anatia nyanya na kitunguu, anaonja, anakunja uso, anatia chumvi, anaonja tena. Ile ya kwanza mtoto aliitema. Ya pili aliimeza kwa machozi. Dani alikaa naye kwenye mkeka nje uani, pamoja na wale binamu wote, akala mboga chungu ileile kutoka sahani ileile, kila tonge, akimwambia kwamba ni tamu. "Uongo mtupu, shemeji," mke wa shemeji akaniambia. "Mimi nilionja. Ni kali kama dawa. Lakini wote wawili wanakula."

Kisha siku moja nikiwa dukani napima nondo za mteja, simu yangu ililia. Namba ilikuwa ya mama mkwe. Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunipigia hata mara moja. Akiwa na neno kwangu humpigia binti yake, binti yake ndiye ananiambia. Nondo ilinidondoka mkononi. Nikajua mtoto amekufa au yuko hospitalini, hakuna jambo lingine lingemfanya mama yule abonyeze jina langu.

"Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu mbaya, ora." Alikohoa. "Habari ya kazi?"

"Nzuri, Mama. Mtoto?"

"Mtoto yuko. Amekula ugali na osuga. Amemaliza. Tumbo imelala, laini kabisa." Nilisikia akivuta pumzi kama mtu anayeinua mtungi wa maji kichwani. "Sasa ... nilisema nikuambie mwenyewe, usikie kwangu. Ameshuta, ora. Moja tu. Ndogo. Hata haina harufu."

Mteja alikuwa ananitazama. Niligeuka nikasimama nyuma ya magunia ya saruji, kwa sababu sikujua uso wangu unafanya nini, nikasema kwa heshima zote nilizofunzwa, "Asante sana, Mama."

Nyuma yake, kwa mbali, nikasikia binti yangu akicheka na kupaza sauti, "Dani, mwambie na ile yako!"

Mama mkwe akakata simu.